Maneno Aliyobaki Nayo Baba

Lucknow, 19 Juni

Nimefika na gari moshi la alfajiri kutoka Aligarh. Chuo kimenipa likizo mpaka mwisho wa Septemba. Baba hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza kama nimekuja na wino mweusi. Nimekuja nao, chupa sita.

Chumba cha kamusi kiko vilevile. Makasha ya bati ya biskuti, arobaini na moja, yamepangwa kuzunguka kuta, kila moja na herufi yake. Ndani yake kuna kadi, na kila kadi ina neno moja la Kiurdu, maana yake na lilikotoka: Kiajemi, Kiarabu, Kituruki, Kisanskriti. Miaka thelathini na miwili ya maisha ya baba. Marehemu mama alikuwa akisema ana wake wenza elfu sitini. Sasa wachapaji wametoa tarehe: thelathini Septemba kazi iwe mezani kwao, ama nafasi apewe mwingine. Zimebaki kadi mia nane na kitu ambazo asili yake haijaamuliwa.

"Mahlaqa," aliniambia, "nina miaka sabini na miwili. Sitaki kufa nikiwa kwenye herufi ya tatu kutoka mwisho."

"Basi usife, baba. Tuanze kesho."

"Tuanze sasa hivi. Kesho ni neno la wavivu katika lugha zote nne."

20 Juni

Baba amemkaripia Rasulan, mpishi wetu, kwa ajili ya jina la chumvi. Rasulan ametoka kijijini upande wa Barabanki, na kwao chumvi huitwa non. Baba anataka aseme namak, kama watu wa mjini.

"Miaka kumi na minne umo nyumba hii," baba alisema. "Namak. Neno la Kiajemi, limekula meza moja na wafalme."

"Bwana, ikizidi kwenye dengu mtasema imezidi tu, niiite namak niiite non."

Nilicheka nyuma ya mlango. Baba hakucheka.

21 Juni

Joto. Ukiegemea ukuta unaungua. Tumeloweka maembe kwenye ndoo tukala kumi na moja watu watatu.

24 Juni

Leo kwenye kasha la herufi re nimekuta kadi ya neno rang, yaani rangi. Ina tundu katikati. Baba ameandika "Kiajemi" kwa wino mweusi. Mtu mwingine amekata kwa wino mwekundu, akaandika "Kisanskriti". Baba amekata tena, yule naye amekata tena, mpaka karatasi ikachoka.

Wino mwekundu ni wa Ami Brijnath. Nilipokuwa mdogo sikujua kuwa si ndugu yake baba wa tumbo moja. Pandit Brijnath Haksar, mwanachuoni wa Kihindu wa mtaa wa Wakashmiri, alikuwa akija kila siku saa kumi. Baba alishika Kiajemi na Kiarabu, yeye alishika Kisanskriti, na mimi nilishika chano cha tambuu. Kamusi hii waliianza pamoja. Mwaka hamsini na saba akaacha kuja, nami nikaambiwa wamegombana kwa ajili ya neno moja.

Nilimwonyesha baba kadi.

"Huyo aliondoka mwenyewe," alisema. "Mtu anayeacha kazi kwa neno moja hakuwa na kazi."

Amekuwa akisema hivyo miaka kumi na saba, kwa maneno yaleyale.

28 Juni

Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda zao Kanpur.

3 Julai

Mvua! Ilianza adhuhuri. Rasulan akakimbilia nguo, mimi nikakimbilia makasha, baba akakimbilia uani. Alisimama katikati, kanzu imemganda mwilini, uso juu, akawa anaita majina ya mvua kama mwalimu anayesoma daftari la mahudhurio. Baran! Barish! Haya ya Kiajemi aliyaita kwa sauti kubwa. Kisha barkha na menh, ya hapahapa, aliyataja haraka haraka, kama mtu anayetaja jamaa wa shamba.

Zamani siku ya mvua ya kwanza mama alikuwa akikaanga bhajia, na Ami Brijnath alikuwa akija amelowa chapa chapa, mwavuli ameufumbata kwapani haujafunguliwa. "Mwavuli mpya huu," alikuwa akisema, "niulowanishe kwa nini?" Leo Rasulan amekaanga bhajia. Tumekula watatu, na nimejikuta natazama mlango.

10 Julai

Naandika ya tarehe saba, kabla ya leo sikushika kalamu.

Asubuhi ile baba alikaa mezani kama kawaida. Nilikuwa namsomea kadi. Kalamu ilimponyoka. Akaitazama chini, akataka kuiokota, mkono wa kulia ukabaki pajani kama wa mtu mwingine. Nikamwita. Aligeuka, mdomo umekwenda upande, akaniambia jambo refu sana, kwa mkazo, kwa vituo, kama alivyozungumza siku zote. Hakukuwa na neno hata moja ndani yake.

Daktari Sanyal alikuja akiwa amekunja suruali mpaka magotini kwa ajili ya maji ya njiani. Kiharusi. Alimpima baba, akamuuliza maswali, akanivuta barazani.

"Anaelewa kila kitu, mwanangu. Usizungumze mbele yake kama mbele ya mtoto. Lakini maneno yamemtoka. Mengine yatarudi."

"Mengine yapi?"

"Mara nyingi ni yale ya kwanza kabisa. Aliyoyapata miguuni pa mama yake."

Siku mbili hakusema kitu. Jana mchana nilikuwa namlisha wali na dengu. Alisukuma kijiko, akasema, "Non."

Nilidhani hataki chakula. Nikaondoa sahani. Akapandwa na hasira, akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto. "Non! Non!" Nikamletea maji. Nikamletea mto. Machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka. Rasulan akaingia na kibakuli, akanyunyiza chumvi juu ya dengu, akamlisha. Baba akala chote.

Rasulan hakumcheka. Alipofika jikoni ndipo aliniambia, "Bi Mahlaqa, mwenye nyumba amekuja upande wetu," kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

15 Julai

Nimefanya kazi aliyonifundisha: nimeandika kila neno alilolisema wiki hii. Maji. Mkono. Jicho. Mama. Mkate. Nyumba. Mvua. Njoo. Hapana. Yote thelathini na manne, na yote, nimeyahakiki kwenye kadi, ni ya mzizi wa Kisanskriti, yale ya jikoni na uani. Neno la Kiajemi la moyo hana. Neno la Kiarabu la kitabu hana. Ananyooshea makasha kidole na kusema "hivi, hivi".

Sala anaisoma yote bila kukosea, kama maji yanayoteremka. Ukimkatiza katikati hawezi kuendelea.

16 Julai

Mvua.

17 Julai

Mvua. Dari linavuja juu ya herufi jim. Ndoo mbili na sufuria.

23 Julai

Nimefanya kadi kumi na mbili kwa siku nane. Kiajemi nakiweza, Kiarabu nakokota, Kisanskriti sijui kitu. Kwa mwendo huu nitamaliza nikiwa na umri wa baba. Leo nimemsomea kadi, akatikisa kichwa kukataa. Nikauliza, basi ni nini? Akafungua mdomo, akatafuta, akatafuta, akafunga macho.

28 Julai

Nimekwenda kwa Ami Brijnath. Sikumwambia baba.

Riksho ilikwama kwenye matope nikamalizia kwa miguu. Nyumba ile ya ghorofa, niliyoiogopa utotoni kwa ukubwa wake, imekuwa ndogo. Ndani kuna masanduku yamefungwa kamba. Alinifungulia mwenyewe, amekonda, miwani mizito. Alinitazama kidogo tu.

"Unatembea kama mama yako," alisema. "Ingia, usisimame kwenye maji."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akichezea ncha ya kamba. Nilipofika kwenye chumvi, alicheka ghafla, kisha akajizuia.

"Nyumba nimeuza," alisema. "Mwanangu anakuja kunichukua Septemba, twende Nagpur. Sina tena nafasi ya kamusi ya mtu."

"Ami, ni kamusi yenu wote wawili. Mkagombana kwa neno moja tu, rangi."

"Nani amekwambia ni rangi?"

"Baba."

Alivua miwani. "Mwanangu, kwa ajili ya rangi tuligombana miezi mitatu na kila jioni nilikula kwenu. Ulikuwapo siku ile ya mkutano wa waandishi?"

Nilikuwapo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napitisha sharubati. Niliona watu wamenyamaza, sikusikia kwa nini.

"Mbele ya watu arobaini, baba yako aliniambia, 'Pandit, katika lugha hii wewe ni mgeni. Mgeni hachagui samani.' Babu wa babu yangu aliandika barua zake za mapenzi kwa lugha hii. Mimi nimeota ndoto kwa lugha hii. Nilingoja aje aniombe radhi. Nilingoja mwaka mzima, saa kumi ikifika nasikiliza mlango."

Nilimgusa miguu kwa heshima. Nikaaga. Mlangoni alisema, "Mpe dengu laini. Hapendi vitunguu vingi." Akafunga.

29 Julai

Nimemlisha baba bila kusema naye. Miaka kumi na saba nimemchukia mtu aliyekuwa ameonewa, na nimejivunia yule aliyeonea.

Aliona. "Nini?" aliuliza. Hilo neno analo. "Nini, binti?"

Nikamwambia nilikokwenda na nilichosikia, chote, hata lile la saa kumi na mlango. Daktari alisema nisimfanye mtoto. Baba aligeukia ukutani. Mabega yalimtikisika mpaka Rasulan akaja kunifukuza chumbani kama kuku.

30 Julai

Nimekuwa mkali mno. Nimemwomba radhi. Alinishika kichwa kwa mkono wa kushoto.

2 Agosti

Saa kumi kamili mlango uligongwa. Nilikuwa juu ya kiti nabadilisha ndoo. Rasulan akafungua, nikasikia akisema, "Nimwambie ni nani?" na sauti ikajibu, "Mwambie jirani wa zamani."

Ami Brijnath amelowa mpaka kwenye mifupa. Alisimama kwenye kizingiti cha chumba. Hakuvuka.

"Nimekuja kwa ajili ya kamusi," alisema, akinitazama mimi. "Sikuja kwa ajili ya mtu."

Baba alijaribu kukaa. Nikamwinua, nikampangia mito. Alimtazama mwenzake muda mrefu. Alifungua mdomo, nikajua anatafuta: anatafuta neno la radhi, na maneno yote ya radhi aliyonayo mtu wa Lucknow ni ya Kiarabu na Kiajemi, na hana hata moja. Nilitaka kumsaidia, Ami akaninyamazisha kwa kidole.

Baba akamnyooshea mkono wa kushoto. "Apna," alisema. Akajipiga kifua, akamnyooshea tena. "Apna. Apna."

Wa kwetu. Wangu mwenyewe. Ndilo neno tunalolitumia kwa nyumba yetu, damu yetu, mtu asiyehitaji kugonga.

Ami Brijnath alishika mwimo wa mlango. "Unalijua lilikotoka, Mahlaqa?" aliniuliza, na sauti haikuwa sawa. "Kwa Kisanskriti ni nafsi. Ni lilelile neno la nafsi, limechakaa kwa kutumiwa." Kisha akamgeukia baba. "Miaka kumi na saba, Tasadduq! Mpumbavu wewe. Miaka kumi na saba!"

"Njoo," baba alisema.

Akaja. Akakaa kitandani na nguo zake zinazotiririka maji, na godoro limelowa, na hakuna aliyejali.

3 Agosti

Kadi arobaini na moja.

4 Agosti

Hamsini. Ami anasoma, mimi naandika, baba anasema ndiyo au hapana. Maarifa yote bado yamo kichwani mwake. Mlango tu ndio umeziba.

9 Agosti

Rasulan ameitwa kutoka jikoni kutoa ushahidi. Kuna neno la kamba ya kisimani ambalo wasomi wawili hawakuafikiana. Amelitamka mara tatu, mikono imejaa unga, Ami akiliandika kama anaandika tafsiri ya aya.

"Kwenu mnasema hivyo wote?"

"Wote, Pandit. Hata ng'ombe angesema hivyo kama angesema."

Baba amecheka, kicheko cha upande mmoja. Miaka yote niliona anamdharau Rasulan, na mimi, kwa kuwa nilicheka nyuma ya mlango, nilijiona mwema kuliko yeye. Lakini kumuuliza neno sikuwahi hata siku moja.

10 Agosti

Ami ameliandikia neno non kadi yake. "Chumvi. Kisanskriti. Hutumika vijijini na katika nyumba ya Sayyid Tasadduq Husain." Sehemu ya mwisho nitaifuta. Au nisiifute.

17 Agosti

Mto Gomti umepanda. Saa kumi ikafika, Ami hakuja. Saa kumi na moja hakuja. Baba hakugusa chai. Ami alikuja magharibi, miguu ina matope, viatu mkononi. Walitazamana tu, wakafungua kasha.

26 Agosti

Siku mbaya. Tulifika tena kwenye rang. Ami akasema, kwa upole, "Andika Kiajemi, Mahlaqa. Mimi sina tena ugomvi." Nilipochovya kalamu baba akapiga kelele. Hapana. Basi Kisanskriti? Hapana! Akanyakua kasha zima akalitupa, kadi zikatapakaa sakafuni, nyingine zikaingia kwenye ndoo. Nilizianika jikoni mpaka usiku. Ami alikwenda nyumbani bila kuaga.

27 Agosti

Baba anarudia maneno mawili tangu asubuhi, "do bahen", dada wawili. Hakuzaliwa na dada. Nilidhani anaota homa.

28 Agosti

Rasulan ndiye aliyelifungua. Alikuwa anafagia huku sisi tumekaa na ile kadi, baba akisema, "Dada wawili, dada wawili."

"Si anawaambia," alisema, hakuacha hata kufagia. "Hilo neno lenu. Si la huku wala la kule. Dada wawili, mmoja ameolewa Uajemi, mwingine amebaki nyumbani. Mnagombania nini?"

Baba akapiga mkono kitandani. Ndiyo! Ndiyo!

Ami Brijnath akaomba kadi mpya. Akaandika kwa mkono wake: "Rang. Kiajemi na Kisanskriti. Dada wawili wa mama mmoja wa kale." Alimpa baba asome. Baba akaishika karibu na macho, akairudisha, akamgusa shavu.

6 Septemba

Mvua inapungua. Kadi sitini zimebaki.

13 Septemba

Tumemaliza. Neno la mwisho lilikuwa la kawaida kabisa, aina ya kiazi. Hakuna aliyeshangilia. Ami alifunika chupa ya wino, baba akaifunua, akanusa, akaifunika tena.

16 Septemba

Kazi imekwenda kwa wachapaji, masanduku matatu. Kwenye ukurasa wa mbele kuna majina mawili. Nilitaka kuongeza la tatu, Rasulan akakataa: "Watu wataleta malalamiko jikoni." Nimeliongeza hata hivyo, kwenye shukrani. Chumba kinatoa mwangwi.

22 Septemba

Anga ya buluu imetoka leo, imeoshwa. Mwana wa Ami alikuja mchana na riksho mbili, moja ya masanduku. Gari moshi la Nagpur ni la saa kumi na nusu.

Baba alitaka kutolewa nje. Mimi na Rasulan tulimbeba na kiti chake mpaka barazani, tukamvika kofia. Ami alikaa kwenye kiti cha pili. Walitazama barabara ikikauka. Mwanawe akakohoa mara mbili, kisha akasema, "Baba, muda."

Ami Brijnath akasimama. Akamwekea baba mkono begani na kumuaga kama sote tunavyoagana, kumkabidhi kwa Mungu amlinde. Baba akataka kumjibu vivyo hivyo. Nilimwona akilifuata neno lile la Kiajemi, likamkwama, akalifuata tena. Riksho ikaanza kupiga kengele.

"Ghar aana," akasema. Uje nyumbani.

"Nitakuja," Ami akajibu. "Nitakuja, Tasadduq." Ana miaka sabini na mmoja na Nagpur ni mwendo wa usiku kucha. Akapanda, akaelekeza uso mbele.

Riksho ilipokata kona, baba aliita tena, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu Julai, sauti ya siku ya mvua: "Ghar aana!"

Ng'ambo ya njia mpiga pasi, Chhedi, ambaye hajawahi kuketishwa barazani kwetu, aliinua kichwa. Akadhani anaitwa yeye. "Nakuja, Bwana!" akasema, akaweka pasi yake ya makaa pembeni, akafuta mikono, akavuka. Alisalimu kwa adabu, akasubiri.

Baba alimtazama. Kisha akakisukuma kwa mkono wa kushoto kile kiti cha pili, akamwonyesha aketi, akamsogezea chano cha tambuu.